Fundo Lililolala Kushoto

Tarehe 2, mwezi wa tano

Mdogo wangu,

Koti ndilo hilo. Kitambaa kizito cha rangi ya majivu, bitana ndani, na sponji mabegani ili uonekane angalau mtu anayekula. Bega la kulia nimelishusha kidogo, maana kwa kubeba makasha ghalani miaka yote hiyo umepinda kama mlango uliochomoka bawaba. Ukilivaa na bado ukatetemeka, basi hiyo si baridi, ni woga, na dawa yake mimi sina.

Atakufikishia Bubu. Ameapa kwamba safari hii hatapiga soga na kila askari barabarani. Hebu fikiria, mtu aliyebandikwa jina la Bubu kwa sababu hajanyamaza tangu azaliwe, na ndiye niliyemkabidhi roho ya ndugu yangu juu ya mifuko ya simenti ya lori lake. Lakini wenye midomo mizito wote wameshanunuliwa na watu wa ghala, kwa hiyo acha tushike na huyu mropokaji wetu.

Wakili anasema kesi ya dawa imepangwa mwezi wa tisa. Amerudia yale yale: usiposimama mwenyewe ukaeleza ulivyoona dawa zilizokwisha muda zikibandikwa tarehe mpya, hakuna kesi. Kwa hiyo kazi yako ni moja, kuwa hai mpaka mwezi wa tisa. Usizururezurure. Nakujua wewe, ulikuwa ukitumwa chumvi dukani unazunguka uwanja wa shule mara tatu kwanza, mboga inaungua jikoni.

Mama hajambo kwa kiasi chake. Mkono wa kushoto bado umelala tangu kile kiharusi, na masikio ndiyo hivyo tena, anatusoma midomo. Lakini Mungu ametuletea binti mmoja wa mazoezi. Alikuja mwenyewe, anasema kuna kikundi chao kinasaidia wagonjwa wa kupooza majumbani. Anamkanda mama vidole kimoja kimoja kwa subira ambayo mimi mwanawe sina. Amempa hata simu kuukuu ya kutazamia picha za mazoezi. Mama anampenda mpaka naona wivu.

Koti nilimwambia la mteja. Aliliangalia pale kwenye hanga, akapitisha mkono wake mzima mabegani, akasema, "Mteja huyu naye bega lake limeshuka la kulia." Nikajifanya natafuta mkasi. Roho iliniuma. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nawe umenifunga mdomo.

Choma barua hii kama kawaida.

Dada yako,
Fundi


Tarehe 20, mwezi wa tano

Dada,

Koti limefika na limenikaa kama ngozi. Mwenye nyumba aliponiona nalo alinisalimia kwa adabu kwa mara ya kwanza. Ninapokaa ni chumba cha nyuma ya karakana ya matairi. Mchana nawasaidia kuziba pancha, jioni nasikiliza maji yakidondoka kwenye ndoo. Ukuta una ukungu wenye umbo la mtu aliyeinama. Nimeanza kumsalimia asubuhi, kwa hiyo usiseme sina jirani.

Kuhusu mama, dada, nakuomba tena. Asijue nilipo, asijue tunaandikiana, asijue hata kama koti ni langu. Si kwamba simwamini. Wewe mwenyewe unajua, tangu masikio yake yafe, akinong'ona mtaa wa pili wanaitikia. Siku atakapofurahi kwamba kijana wake yuko mahali fulani, gari jeupe la watu wa ghala litakuwa hapa kabla chai haijapoa. Mwambie tu nimepata kazi ya mbali. Nikitoka mahakamani nitampigia magoti mwenyewe.

Huyo binti wa mazoezi mpe salamu zangu bila kumwambia ni za nani.

Barua yako nimeichoma, nawe choma yangu.

Mdogo wako


Tarehe 11, mwezi wa sita

Dada,

Nimehama. Nimehama tena. Naandika haraka.

Pale kwa matairi walikuja alfajiri, gari jeupe, wanaume watatu. Fundi mkuu alikuwa anakoroga gundi, akapiga nyundo kwenye rimu mara mbili kunishtua. Nilitoka kwa dirisha la choo na koti mkononi. Nikaenda mji mwingine kabisa, nikapata chumba juu ya duka la vioo. Sikumwambia mtu, hata Bubu. Wiki haikuisha, nikachungulia chini nikaona gari lile lile limeegeshwa mbele ya kinyozi, na mmoja wao ananyolewa huku ametazama dirisha langu kupitia kioo.

Dada, hata Bubu hakujua. Walijuaje?

Sasa niko mahali pa tatu. Jibu lako Bubu aliache kwenye kioski anakoachia barua zetu siku zote, mimi nitatuma mtu kulichukua. Fikiria vizuri, nani anaingia hapo nyumbani, nani anauliza maswali. Silali. Ninaposikia gari linapunguza mwendo, navaa viatu.

Mdogo wako


Tarehe 17, mwezi wa sita

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa chini. Asante Mungu uko mzima.

Nimemkamia Bubu mpaka akalia. Analia kwa sauti kama anavyofanya kila kitu. Si yeye, nakuapia. Nimewafikiria wateja wote. Wanaingia wanapimwa, wanalalamikia bei, wanatoka. Hakuna aliyeuliza habari zako tangu mwezi wa tatu, na hilo lenyewe sasa linanitisha. Mbwa aliyeacha kubweka ama amelala ama ameshaona.

Nyumbani ni kama kawaida, ila mama amechangamka ajabu. Anakula vizuri, anaimba ule wimbo wake wa kupepeta mchele, kwa sauti ya kiziwi, majirani wanaomba dua. Juzi ameniuliza, "Huko kwenye milima kuna mvua siku hizi?" Nikamuuliza milima ipi. Akacheka, akasema aliota. Angalau mmoja wetu ana ndoto nzuri.

Jihadhari. Angalia viatu vyako, angalia mfuko. Nimesikia kwa mteja mmoja kwamba siku hizi kuna vidude wanaweka kwenye mizigo.

Dada yako


Tarehe 1, mwezi wa saba

Kwako Fundi,

Ulinishauri niangalie vitu vyangu. Nimeangalia.

Nilianza na viatu, nikaondoa soli. Nikaja kwenye redio, nikaifungua yote. Nikaja kwenye begi. Koti nililiacha mwisho kwa sababu ni lako. Bega la kushoto lilikuwa na kitu kigumu ndani ya sponji. Nilichana bitana kwa wembe, kikaanguka mkononi mwangu kidude cheupe cha mviringo, hakizidi ukubwa wa kifungo. Nilimwonyesha fundi simu mmoja nikijifanya nimekiokota. Akasema, "Hicho kinamwambia mwenyewe kilipo, popote duniani. Umeokota macho ya mtu, kaka."

Ningesema umechezewa. Ningesema kuna mtu aliingiza mkono koti likiwa njiani. Lakini bitana ilikuwa imefumuliwa na kushonwa upya kwa mkono, mishono midogo midogo ya kinyume, na kila penye mwisho fundo limelala kushoto. Nimekulia chini ya meza ya cherehani, dada. Wewe unaandika kwa kulia, unakula kwa kulia, ila sindano unashika kwa kushoto kwa sababu ulijifunza umekaa ubavuni mwa mama, naye hushona kwa kushoto. Duniani najua mikono miwili tu inayofunga fundo hivyo, na mmoja umekufa.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sikujua kama walimaanisha nguo yenyewe.

Sijui walikutisha na nini. Labda walikuambia wanataka kuzungumza nami tu. Sitaki kujua.

Kidude nimekitia kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, nikalifukia chini ya jiwe kwenye makaburi ya mji huu. Waje wanitafute huko, si ndiko wanakotaka nifike? Mimi sipo tena mji huu. Koti ninalo bado, kwa sababu baridi haijui usaliti.

Usiniandikie.


Tarehe 7, mwezi wa saba

Wewe mtoto,

Umenikataza kuandika, naandika. Bubu atakutafuta kwa pua kama mbwa mpaka barua hii ikufikie, hata kama ni kupitia yule fundi wa matairi aliyekupigia nyundo.

Nimekubeba mgongoni ukiwa na surua. Nilipoacha shule nikakaa kwenye cherehani, wewe ukaendelea. Watu wa ghala walinijia mwezi wa pili wakaniahidi duka la kioo kwenye barabara kuu nikiwaambia ulipo, nikawatemea mate mlangoni, na sikukwambia kwa sababu sikutaka uone nakuhesabia wema. Leo unaniita Fundi kama mteja! Unanionyesha fundo! Mkono wangu siukani, ndivyo ninavyofunga, lakini sijafumua bitana ile, haki ya Mungu sijaifumua. Niliishona kwa mashine mwanzo mpaka mwisho. Kwa nini nishone kwa mkono wakati mashine

Tarehe 8

Niliachia hapo jana. Nilikuwa naandika kwa hasira, kalamu ikasimama yenyewe kwenye lile neno mashine. Nikaenda chumbani kwa mama.

Siku tano hajala, nilidhani ni tumbo. Amelala ametazama ukuta. Simu ya mazoezi iko chini ya mto. Niliichukua, sikukuta picha za mazoezi. Nilikuta ramani, na katikati yake nukta ya buluu, na chini ya nukta imeandikwa kwa herufi kubwa: MAKABURI.

Nikamgeuza uso anione midomo. "Mama, hii nini?"

Akasema, kwa ile sauti yake ya kujaza nyumba, "Mtoto wangu amekufa. Amezikwa wiki nzima na hamkuniambia."

Yote yametoka hapo. Binti wa mazoezi alimwambia siku hizi wazazi wengi wanafanya hivi na watoto walio mbali, unaweka kidude kwenye nguo yake, unamwona kila siku, roho inatulia. Mama alijua koti ni lako tangu siku ile ya bega. Vile vidole, mdogo wangu, vidole alivyokandwa kimoja kimoja, vilianza kuamka mwezi wa nne. Alinificha. Alitaka anishtue siku moja kwa kunishonea kitu. Nilipokwenda sokoni, binti alimfungulia bega la koti, na mama akashona mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Anasema ilimchukua asubuhi nzima. Ndiyo mishono yake ya kwanza tangu augue.

Kwa hiyo ulisoma fundo vizuri. Ulikosea tu kudhani mkono ule umekufa.

Alikuwa akikutazama kila siku. Ndiyo maana akaimba. Ulipohama alikufuata na kidole kwenye kioo. Na wenye simu ile walikuwa wakitazama pamoja naye.

Nimemwambia uko hai. Nimemwambia kidude umekiacha huko mwenyewe. Akanijibu, "Uliniambia amepata kazi. Uliniambia koti ni la mteja. Sasa unaniambia yuko hai." Barua zako zote nimezichoma tulivyokubaliana, sina hata mstari wa kumwonyesha. Nilimleta Bubu aape, akasema Bubu ni mwongo tangu tumboni. Sauti haisikii. Picha atasema ya zamani. Anaamini nukta tu, na nukta iko makaburini.

Binti wa mazoezi bado anakuja. Siwezi kumfukuza, watajua tumejua. Namwandalia chai. Leo amemfuta mama machozi kwa leso yake, akaniuliza taratibu, "Mama anahuzunika nini?" Nilikuwa nimeinua buli la chai moto, nikalirudisha mezani.

Sikuambii ufanye lolote. Nakueleza tu kwa sababu kuficha ndiko kulikotufikisha hapa.

Dada yako


Tarehe 14, mwezi wa saba

Dada yangu,

Fundi wa matairi amenipa barua yako. Nilisoma nikiwa nimekaa juu ya tairi la trekta, na nililia mbele za watu wazima wenzangu. Nisamehe. Sina neno lingine, na hilo lenyewe halitoshi. Duka la kioo kwenye barabara kuu! Na mimi nikakuandikia yale.

Mimi ndiye niliyemfungia mama mlango. Niliogopa sauti yake, akatafuta dirisha, na walioshika dirisha walikuwa wao.

Sasa nisikilize. Kopo liko palepale. Jumapili kutakuwa na mazishi ya mtu mkubwa hapo, watu watajaa. Nitaingia na waombolezaji, koti langu litanifaa kwa mazishi. Nitachukua kopo. Nyuma ya ukuta wa makaburi kuna uwanja wa mpira. Mkalishe mama mbele ya simu asubuhi, mnyweshe uji kwanza, mwambie atazame. Nitauzunguka uwanja mara tatu. Mama hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Kisha kidude nitakitupa pale pale, na Bubu atakuwa na lori penye mashine ya kusaga, upande wa pili wa barabara. Kutoka uwanjani ni mwendo wa kuvuta sigara moja.

Najua watakuwepo. Kama binti ameona machozi, na wao wameyaona. Usiniandikie kunizuia, barua haitawahi. Mwezi wa tisa nauona, dada, niko karibu kuugusa. Lakini nitasimamaje mbele ya hakimu kumweleza kuhusu wagonjwa wa watu, wangu akiwa amenifia kwa kunililia?

Mpikie mboga. Mwambie chumvi inakuja.

Mdogo wako, aliyekukosea


Tarehe 20, mwezi wa saba, Jumapili

Mdogo wangu,

Naandika sasa hivi, nimpe dereva mwenzake Bubu amfikishie barua huko, naye akukabidhi.

Mama amekuona!

Nilimkalisha kitandani na mito mgongoni. Uji alikataa. Nukta ilikuwa pale pale, nikaanza kuogopa. Kisha ikatikisika. Mama akanishika mkono, kwa ule wa kushoto, na nguvu zake sikuzijua. Nukta ikatoka kwenye lile neno, ikapita ukuta, ikaingia mahali peupe. Ikaanza kuzunguka. Raundi ya kwanza mama aliifuata kwa kidole. Raundi ya pili akaanza kucheka bila sauti, mabega yanaruka. Raundi ya tatu alipiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta: "Ni yeye! Huyo ametumwa chumvi!"

Akaomba uji. Akamaliza bakuli, akaomba lingine.

Ulikaa kidogo kwenye kona ya uwanja. Nilisema moyoni, sasa anatupa, sasa anakimbia. Kisha nukta ikatoka, ikashika barabara. Ilikwenda upesi, imenyooka, haikusimama mahali. Mama akafurahi, akasema, "Amepata lifti. Anakuja nyumbani."

Najifariji kwamba wameokota kidude tu, wewe uko juu ya simenti unasikiliza soga za Bubu. Lakini mdogo wangu, tangu uzaliwe hujawahi kwenda mahali moja kwa moja.

Nijibu hata neno moja.

Dada yako


Tarehe 3, mwezi wa nane

Mdogo wangu,

Bubu alirudi na barua yangu ya Jumapili haijafunguliwa. Aliiweka mezani, akakaa kwenye kiti cha wateja. Nilimuuliza. Akasema, "Nilisubiri." Ndilo neno lake pekee. Amekaa mpaka chai ikapoa na ngozi juu, Bubu, hakusema jingine, akaondoka. Tangu siku ile wanasema kila kizuizi anapita amenyamaza.

Nimekwenda kwa wakili. Nimekwenda polisi, wakaniambia mtu mzima ana haki ya kusafiri. Nimekwenda hospitali tatu. Binti wa mazoezi hajaja tena tangu Jumapili ile, na sikuhitaji kuambiwa sababu. Hawamhitaji mama tena.

Nukta ilizimika jioni ile ile, njiani. Mama aliniuliza. Nilikuwa nimeapa simdanganyi tena, nikakaa mbele yake, nikafungua mdomo nimwambie polepole aone kila neno. Akaniwahi. "Amevua koti," alisema. "Huko joto limeanza. Halafu lile lilishachanwa bega." Akanitazama kwa muda, na sijui, labda anajua. Labda sasa ni yeye anayenificha mimi.

Asubuhi ya leo nimemkuta kwenye meza yangu, ameshika sindano. Ametoa kitambaa chembamba cha buluu nilichomwekea mteja. Anataka koti jingine, la kuvaliwa wakati wa joto, liwe tayari utakapokuja. Nilimwambia siwezi, sina vipimo. Akanicheka. Akaninyooshea mkasi.

Nimekata. Bega la kulia nimelishusha. Mama anashona kwa mkono, hataki mashine, na kila anapomaliza mshono ananigeuzia nione fundo lilivyolala.

Barua hii sina wa kumpa. Siichomi.

Dada yako